Mazungumzo Yalipokuwa Kuishi Pamoja

Anayejifunza Kiingereza akikutana na neno "conversation" huambiwa kwamba maana yake ni mazungumzo, na mara nyingi hapo hapo hufunga kamusi. Hajadanganywa, ila amepewa maana iliyochelewa kufika. Kwa takriban miaka 1,500, tangu Kilatini cha Seneca hadi Kiingereza cha Biblia ya Mfalme James, neno hilo lilitaja jambo pana zaidi: namna mtu anavyokaa na wenzake, anavyoingia na kutoka kwao, anavyowazoea nao wakamzoea. Maneno ya kinywani yalikuwa sehemu tu ya shughuli hiyo, na mara nyingine hayakuwamo kabisa. Naamini kwamba maana hiyo ya kale iliona jambo ambalo sisi, katika zama hizi za makongamano, midahalo, makundi ya WhatsApp na programu zinazojibu kila swali, tunalipuuza kwa hasara yetu. Kuzungumza ni zao la kukaa pamoja. Pasipo na ukaaji huo, maneno yanaweza kupita kwa wingi huku walioyasema wakibaki pale pale walipokuwa.

Neno lenyewe, ukilifungua, linasema mengi. Kilatini kina kitenzi vertere, kugeuza. Kutokana nacho kikapatikana versare, umbo la kurudiarudia, kama sisi tunavyotofautisha kugeuka na kugeukageuka. Mbele yake ikawekwa con-, pamoja. Umbo lililoenea, conversari, lilikuwa na sura ya kutendwa huku maana yake ikiwa ya kutenda, hivyo mtendaji mwenyewe yumo ndani ya tendo. Kwa hiyo conversatio ni kule kugeukageuka kati ya watu wale wale, siku baada ya siku, mpaka kila mmoja akaacha alama kwa mwenzake. Seneca, mwanafalsafa wa Roma aliyefariki mwaka 65, alimwandikia rafiki yake Lucilius barua ya kumtahadharisha na conversatio ya watu wengi. Ukiisoma ukidhani anaonya juu ya soga, utapotea. Anaeleza alivyokwenda uwanjani saa za mchana, akakuta watu wakiuana mbele ya watazamaji, na jinsi mtu anavyorudi nyumbani kutoka mahali kama hapo akiwa na tamaa zaidi na ukatili zaidi kwa sababu tu amekuwa miongoni mwa watu. Madhara hayo hayakuhitaji mtu kumnong'oneza jambo. Kukaa nao kulitosha.

Warumi walikuwa na neno jingine kwa maongezi, nalo ni sermo. Cicero, katika kitabu cha wajibu alichomwandikia mwanawe mwaka 44 kabla ya Kristo, analalamika kwamba walimu wa ufasaha wamejaza kanuni za kuhutubia mahakamani na barazani lakini hawana hata moja ya sermo, yale maongezi ya kwenye mduara wa marafiki au mezani wakati wa chakula. Kisha anatoa za kwake: mtu asiyatwae maongezi kana kwamba ni milki yake na kuwafungia wengine nje, aache kila mmoja apate zamu, ajue pa kuanzia na pa kukomea. Ni ushauri ambao ungewafaa wenyeviti wengi wa mikutano yetu. Lakini tazama yaliyolipata neno hilo baadaye. Sermo, maongezi ya wengi kwa zamu, likaingia Kanisani na kutoka likiwa "sermon", mahubiri ya mtu mmoja mbele ya watu walionyamaza. Na conversatio, kuishi pamoja, likaishia kuwa maongezi. Maneno mawili yamepishana njiani. Kigiriki nacho kina homilia, ambalo kwanza lilikuwa ushirika na kampani, kisha maongezi, na mwisho likawa homilia ya padri Jumapili. Ndiyo maana Paulo anapowaonya Wakorintho juu ya kinachoharibu tabia njema, Kigiriki chake kina homilia, Kilatini kikaandika colloquia, Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 ikataja mazungumzo mabaya, na tafsiri nyingi za Kiingereza cha leo zikasema marafiki wabaya. Kila mfasiri alishika upande mmoja wa kitu ambacho Mgiriki alikiona kikiwa kimoja.

Aliyeibeba conversatio kwa uzito kuliko wote ni Benedikto wa Nursia, katika kanuni aliyowaandikia wamonaki wake wa Monte Cassino katika karne ya 6. Sura ya 58 inasema kwamba anayepokelewa ataahidi mambo matatu: kudumu mahali hapo, utii, na conversatio ya mwenendo wake, yaani kuishi maisha ya kimonaki pamoja na ndugu zake, leo na kesho na mpaka kufa. Wamonaki wa Peramiho, Ndanda na Hanga kusini mwa Tanzania wanaifuata kanuni hiyo hiyo, na nadhiri yao ndiyo hiyo. Sasa, kitabu kile kile kina sura nzima ya kusifu ukimya, na sura nyingine inayokataza mtu yeyote kusema baada ya sala ya mwisho ya usiku. Mtu anaweka nadhiri ya conversatio katika nyumba ambamo kunyamaza ni sheria, na hakuna aliyeona mgongano wowote, kwa kuwa haukuwapo. Waliokuja kuona taabu ni wanakili wa baadaye. Neno liliwachanganya, wakalibadilisha kuwa conversio, kuongoka, na kosa hilo likanakiliwa kwa karne nyingi, hadi Cuthbert Butler, Mbenediktini wa Uingereza, alipotoa toleo lake la kanuni mwaka 1912 na kulirudisha neno la asili. Tofauti ni kubwa. Kuongoka kunaweza kutokea mara moja, njiani, kama ilivyomtokea Paulo. Conversatio haitokei mara moja. Inadai kurudi.

Kiingereza kililipokea neno hili kupitia Kifaransa katika karne ya 14, likiwa na maana ile ile ya mwenendo na makazi. Ushahidi unaoeleweka kwa urahisi zaidi uko katika Biblia ya mwaka 1611. Katika barua ya kwanza ya Petro, sura ya 3, wake wanaambiwa kwamba waume wasioamini wanaweza kuvutwa pasipo neno lolote kusemwa, kwa njia ya "conversation" ya wake zao. Msomaji wa leo anashangaa: mazungumzo gani hayo yasiyo na neno? Biblia yetu imeandika mwenendo, na hakuna Mswahili aliyewahi kukwama hapo. Vivyo hivyo katika Wafilipi sura ya 3, pale Paulo anapotaja uraia wa mbinguni, Kilatini kiliandika conversatio na Waingereza wa 1611 wakakifuata. Waliosahihisha tafsiri hiyo mwaka 1881 waliona neno limekwisha kuhama, wakaweka uraia. Watafsiri wa Kiswahili walichagua wenyeji, na kwangu huo ni uteuzi mzuri kuliko uraia, maana mwenyeji ni mtu anayejua nani anaumwa nyumba ya tatu na mbwa wa nani anabweka usiku. Hati ya uraia haimpi mtu ujuzi huo.

Ni nini basi kilicholihamisha neno? Maana ya maongezi inaanza kuonekana katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 na inashika kasi katika karne mbili zilizofuata, wakati miji ilipopata mahali papya pa watu kukutana. Mkahawa wa kwanza wa kahawa wa London ulifunguliwa na Pasqua Rosée mwaka 1652. Kwa peni moja mtu aliketi, akanywa, akasoma gazeti na kusikiliza. Desemba 1675 Mfalme Charles wa Pili alitangaza kwamba mikahawa hiyo ifungwe kwa sababu inaeneza uvumi dhidi ya serikali. Malalamiko yakawa mengi, akaifuta amri yake kabla haijaanza kutumika. Samuel Johnson alipochapisha kamusi yake mwaka 1755, maongezi ya kirafiki yalikuwa maana ya kwanza ya "conversation", na mwenendo ulikuwa umesukumwa hadi mwisho wa orodha. Mtu anaweza kusema: hapo ndipo maneno yalipojitenga na maisha ya pamoja, na dunia haikuharibika. Lakini angalia ndani ya mikahawa yenyewe. Katika mkahawa wa Edward Lloyd walikutana manahodha, wenye meli na wafanyabiashara wale wale, kila siku, wakijua nani hulipa deni na nani hukwepa. Kutokana na kukutana huko ndiko likakua soko la bima la Lloyd's, ambalo lipo mpaka leo. Bima ya meli iliyo katikati ya bahari ilihitaji imani, na imani hiyo haikujengwa kwa usemi mtamu wa alasiri moja. Ilijengwa na watu walioonana jana, na juzi, na watakaoonana kesho.

Waitalia walihifadhi maana ya zamani mahali pasipotarajiwa, kwenye uchoraji. Kuna aina ya picha za altare ambazo wanahistoria wa sanaa waliziita sacra conversazione. Mojawapo iliyo bora ni ya Giovanni Bellini, ya mwaka 1505, katika kanisa la San Zaccaria huko Venice. Maria amekaa juu kwenye kiti cha enzi na Mtoto. Chini yake malaika anapiga ala ya nyuzi kwa upinde. Petro amesimama upande mmoja na funguo zake, Katarina na Lusia wako karibu na kiti, na upande wa pili Yeronimo, ambaye jina lake limefungamana na Biblia ya Kilatini, amevaa vazi jekundu na kuinamia kitabu kikubwa. Watakatifu hao waliishi karne tofauti na nchi tofauti. Hakuna aliyefumbua kinywa, na hakuna hata mmoja anayemtazama mwenzake. Mtu wa leo anaweza kuuliza mazungumzo yako wapi. Yako katika kusimama kwao chini ya paa moja, katika mwanga mmoja unaoingia kutoka upande mmoja, wakisikiliza ala moja.

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni la haki: asili ya neno haina mamlaka juu ya maana yake ya leo. Neno shule tulilipata kwa Wajerumani, waliolipata kwa Kilatini schola, kilicholipata kwa Kigiriki skhole, ambalo maana yake ilikuwa nafasi ya kupumzika. Hatuwaambii wanafunzi wa darasa la saba wapumzike kwa sababu Wagiriki walisema hivyo. Nakubali. Kama ushahidi wangu ungekuwa kamusi peke yake, makala hii isingestahili kuandikwa. Ila maongezi yenyewe, yakipimwa, yanaonyesha kile ambacho neno la kale lilikitaja. Mwaka 2009 watafiti wakiongozwa na wale wa taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, walichapisha vipimo vya maongezi ya kawaida katika lugha 10, kuanzia Kijapani na Kidenmaki hadi lugha moja ya Namibia. Walitaka kujua ni muda gani unapita kati ya swali la ndiyo au hapana na jibu lake. Tofauti kati ya lugha na lugha zilikuwapo lakini ndogo. Wastani ulikuwa karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Sasa weka jambo jingine kando ya hilo: mtu akionyeshwa picha na kuambiwa aitaje, huchukua zaidi ya nusu sekunde kulitoa neno moja. Hesabu hazilingani, isipokuwa kwa njia moja. Anayejibu huanza kulitayarisha jibu kabla mwenzake hajamaliza, akikisia sentensi itaishia wapi. Katika kila swali na jibu, basi, mtu anatembea nusu ya njia ndani ya mawazo ya mwingine. Ukimfahamu mwenzako, unafika naye pamoja. Usipomfahamu, unagongana naye au unamkatiza. Versare haikufa. Kila zamu katika maongezi ni mgeuko, na anayegeuka vizuri ni aliyekwisha kumzoea anayemgeukia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kuishi pamoja, mtu atasema, kumekuwa mara nyingi kuishi chini ya mwingine, na ukimya wa nyumbani umewafunika watu wengi waliotamani kusema. Historia ya neno hili inampa ushahidi. Sheria ya Uingereza ilikuwa na kesi iliyoitwa "criminal conversation", ambamo mume alimdai fidia mwanamume aliyezini na mkewe. Mwaka 1770 Bwana Grosvenor alimshtaki Duke wa Cumberland, ndugu wa mfalme, barua za wapenzi hao zikasomwa hadharani, na mume akapewa pauni 10,000. Mke hakuwa upande wowote wa kesi. Neno lililomhusu kuliko mtu mwingine yeyote lilitajwa mahakamani siku nzima bila yeye kuulizwa kitu, na utaratibu huo ulifutwa England mwaka 1857 tu. Hata huko Roma, Seneca, katika barua nyingine, anawaelezea watumwa waliosimama kuzunguka meza ya bwana wakikatazwa hata kutikisa midomo, na fimbo ikiwangoja waliokohoa. Waliishi nyumba moja miaka mingi. Nani atasema waliishi katika conversatio?

Seneca mwenyewe hakusema hivyo, na jibu lake ndilo langu. Aliandika kwamba watumwa wa zamani, walioruhusiwa kuongea mezani na bwana wao, walikuwa tayari kuuawa kwa ajili yake, na kwamba waliosema wakati wa chakula walinyamaza wakati wa mateso. Con- inadai pande mbili. Penye mmoja anayegeuka na mwingine aliyekatazwa kugeuka, pana paa moja na hakuna zaidi. Kwa hiyo sisemi kwamba kukaa pamoja kunatosha. Nasema hakuna cha kuziba pengo lake kukikosekana, na kwamba haki ya kusema, ambayo tunaidai kwa nguvu na tunapaswa kuidai, huwa na makali pale ambapo anayesikiliza atalazimika kuishi na alichokisikia. Watu wa Lamu na Unguja walilijua hili walipojenga baraza za mawe mbele ya nyumba zao. Benchi lilitangulia. Watu waliketi hapo jioni baada ya jioni, kwa kahawa na bao na vipindi virefu vya kutosema chochote, na ni baadaye jina la benchi hilo likapanda hadi Baraza la Mawaziri. Tunapoitisha mdahalo wa kitaifa wa siku tatu hotelini, pamoja na posho na maazimio yaliyochapwa kabla ya kikao, tunaanzia juu na kutumaini kwamba chini patajijenga penyewe.

Linabaki pingamizi la zama zetu. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum, mwanasayansi wa kompyuta wa MIT huko Marekani, alitangaza programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa sahili mno: ilichukua sentensi ya mtu, ikaipindua kidogo, ikairudisha ikiwa swali. Watu wakaimwagia mioyo yao. Katibu muhtasi wake, aliyemwona akiiunda kwa miezi, alimwomba atoke chumbani ili abaki nayo peke yake. Programu za leo zina uwezo usiolinganishwa na ile, zinakumbuka ulichosema wiki iliyopita, na wapo wapweke wanaopata nafuu ya kweli kwazo. Sitawadharau, mtu asiye na wa kumwambia huchukua anachokipata, na lawama iwe kwetu tuliomwacha peke yake. Lakini Weizenbaum alishtushwa na alichokiona kiasi cha kuandika kitabu kizima mwaka 1976 kuonya juu yake, na nadhani alikuwa na haki. Mashine ilizigeuza sentensi, yenyewe haikugeuka. Conversari, tumeona, ni kitenzi ambacho mtendaji wake naye hutendwa. Aliyesikia leo kwamba mtoto wa jirani ana homa ameshaingia katika jambo hilo: usiku atasikia mlango ukifunguliwa na atajua kwa nini, na asubuhi anatarajiwa kuuliza mgonjwa ameamkaje, na ikibidi kukodi bodaboda, au kukaa na watoto wengine wakati mama amekwenda hospitali. Yote hayo yalikuwa yameshaanza jana yake, pale alipomwitikia jirani "pole" kupitia ukuta.